Mjadala: Matao mawili ya Stone Arch Bridge yajengwe upya, au chuma kibaki?

Habari zenu ndugu. Mnaoishi huku Minneapolis wengi mmeshapita Stone Arch Bridge, lile daraja la mawe linalovuka mto Mississippi chini kidogo ya maporomoko ya St. Anthony. Jumapili nilikuwa pale na rafiki yangu. Tulipofika mawe yanapoishia na chuma kuanza, akasimama: "Hapa ndipo walipoliharibu. Waking'oe hiki chuma, wayarudishe matao mawili." Tulibishana mpaka ng'ambo, na sasa nauleta ubishi wetu kwenu.

Kwa asiyelijua: James J. Hill, tajiri wa reli, alilijenga mwaka 1882 na 1883 ili treni za abiria ziingie mjini. Waliomcheka waliliita upumbavu wa Hill. Lina urefu wa mita 640 hivi, limejengwa kwa graniti na mawe ya chokaa, na upande wa magharibi limepinda kama mundu. Treni zilikoma, na mwaka 1994 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wahandisi wa jeshi la Marekani walitaka matishari ya mizigo yaweze kuyapita maporomoko. Matao mawili yakabomolewa, ikawekwa fremu ya chuma, na chini yake ikapita njia ya kuingia na kutoka kwenye lango la kupandishia na kushushia matishari. Lilifunguliwa 1963, likafungwa 2015 kuzuia samaki wavamizi wasipande mto. Miaka 52 tu! Ndiyo maana rafiki yangu anauliza chuma kinangoja nini.

Mimi nasema kibaki. Ujenzi wa lango hilo ndio uliomalizia kisiwa cha Wíta Wanáǧi, mahali patakatifu pa Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambacho wachimba mawe ya chokaa walikuwa wamekitafuna kwa miaka mingi. Maporomoko yenyewe Wadakota huyaita Owámniyomni. Kisiwa hukioni tena, hata kipande. Lakini binti yangu alipofika kwenye chuma aliniuliza, "Baba, mbona hapa si mawe?" Nikalazimika kumweleza yote, tumeegemea ukingo, maji yakinguruma chini yetu. Matao yakijengwa upya, nani atauliza?

Mchangiaji wa kwanza: Kaka, kwa hoja yako kila kidonda kiachwe wazi. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mawe. Alinifundisha kwamba tao halisimami peke yake: linamsukuma jirani yake, na jirani analisukuma. Kukata mawili katikati ya mstari ni kuvunja mazungumzo ya mawe. Halafu hili ndilo daraja pekee la matao ya mawe kwenye Mississippi nzima. Habari za kisiwa ziandikwe kwenye kibao, watu wasome.

Mchangiaji wa pili: Shikamooni wakubwa. Mimi naangalia mfuko. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara ya I-35W lilianguka mtoni karibu kabisa na hapo, watu 13 wakafa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mama alivyopiga simu nyumba hadi nyumba kuuliza nani hajarudi kazini. Hili la mawe ukarabati wake ulianza 2024, na nilifurahi, maana mawe yasipotunzwa huanguka. Ila kujenga matao mapya kwa ajili ya sura tu? Hapana. Fedha ziende kwenye madaraja yanayobeba magari.

Mleta mada: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa siku ile. Kaka fundi, nakubali chuma hakipendezi, na maneno ya mzee wako nitayakumbuka kila nikivuka. Lakini kibao hakitoshi. Watu wanakipita mbio na baiskeli zao, wakati chuma unakisikia hata ukiwa umefumba macho, hatua zinabadilika mlio. Tena kuna shirika linaloongozwa na Wadakota, Owámniyomni Okhódayapi, linaloshughulikia kuirejesha ardhi ya kando ya lango. Kwangu mimi, hao ndio waulizwe kwanza. Wakisema matao yarudi, nitakuwa upande wako. Wewe utakubali wakisema chuma kibaki?