Tuyabane makampuni ya mitandao, au tuyaache yasije yakaondoka?

Mchangiaji aliyenitangulia anashikilia kwamba serikali ikiyabana makampuni makubwa ya teknolojia yatafunga virago, na ushahidi wake ni teksi mtandao za hapa Dar es Salaam. Ni kweli kwamba mwaka 2022, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipoweka ukomo wa kamisheni ambayo kampuni humkata dereva kuwa asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma mwezi Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya kuruhusiwa asilimia 25. Mimi nalisoma tukio hilo tofauti. Kosa halikuwa kuweka kanuni, bali kuiweka peke yetu, tena tukivutana juu ya asilimia ilhali hesabu zote ziko mikononi mwa upande mmoja.

Kaa na madereva pale Mwenge uwasikilize. Dereva anajua nauli aliyolipwa, anajua mafuta aliyoweka na hesabu anayotakiwa kumpelekea mwenye gari jioni. Asichokijua ni kwa nini safari kapewa mwenzake aliyekuwa mbali zaidi, wala kwa nini akaunti yake imefungwa asubuhi kwa ujumbe mfupi usio na jina la mtu wala namba ya kupiga. Kwangu hilo ni zito kuliko kamisheni, kwa sababu kamisheni hupunguza riziki, lakini akaunti ikifungwa riziki yote imekatika, na hesabu ya mwenye gari iko palepale.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamruhusu mtu kukataa uamuzi mzito dhidi yake usifanywe na mashine peke yake. Haki hiyo ipo kwenye karatasi, madereva hawajafikishiwa.

Umoja wa Ulaya uliitoza Apple faini ya euro milioni 500 na Meta euro milioni 200 mwezi Aprili 2025, na hakuna iliyohama. Nitajibiwa kwamba soko lao ni kubwa, na jibu hilo ni la haki. Ndiyo maana napendekeza kanuni hizi zitungwe Arusha, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwani kampuni iliyoweza kuisusa Dar es Salaam itasita kuzisusa Nairobi na Kampala kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza iwe hii: akaunti ya mtu anayeitegemea kwa kipato isifungwe kabla hajaelezwa sababu kwa Kiswahili na kusikilizwa na binadamu, isipokuwa pale usalama wa abiria unapohitaji hatua ya haraka.