Apu ya kuunganisha sauti na video mnayouziwa ni FFmpeg (programu huria ya bure ya video na sauti) iliyobadilishwa jina, na leseni wamefuta

Wakuu nimechukia, mnivumilie.

Kuna kampuni hapa mjini, sitaitaja, inawauzia watu wa harusi apu ya kuunganisha sauti na video, elfu thelathini kila mwezi, tangazo linasema "teknolojia yetu wenyewe". Jamaa yangu anapiga video za harusi, kalipia, kaniletea laptopu maana sauti inaachana na picha, mwanzoni iko sawa ila ukifika kwenye keki MC keshafunga mdomo ndo sauti inafika. Kuwauliza wakamwambia anunue maiki nzuri!!

Nikafungua folda ya apu nikakuta faili moja kubwa lina jina la kampuni, nikaliendesha kwenye kidirisha cha amri na -version, likajitaja lenyewe: the FFmpeg developers, chini yake --enable-gpl --enable-libx264, yaani limefungwa pamoja na x264 (programu huria ya kubana video) chini ya leseni ya GPL. Teknolojia yao hapo ni jina tu.

Na msianze kuniambia biashara ni biashara, kuuza siyo kosa. GPL, leseni ya programu huria, inakuruhusu uuze bei yoyote, inachotaka ni mteja apate sosi kodi (maandishi ambayo programu imeandikwa nayo) na usifute leseni na majina ya wenye kazi. FFmpeg yenyewe kwa kawaida iko LGPL, leseni ndugu ya GPL ambayo masharti yake ni mepesi zaidi, ila ukiifunga pamoja na x264 toleo zima linakuwa GPL, basi fuata masharti yake. Nimepekua folda zote, hata karatasi ya leseni hamna.

Kinachoniuma ni kwamba Fabrice Bellard alianzisha hii kitu mwaka 2000 na mpaka leo wengi wanaoijenga wanajitolea. Mimi nimewahi kutuma marekebisho madogo kule, wanakukagua mstari kwa mstari, hakuna kubebana. Watu wanadhani kuunganisha ni kubandika faili mbili tu, kumbe kila fremu (picha moja moja ya video) na kila kipande cha sauti kina muda wake, simu zinarekodi fremu kwa mwendo wa kupanda na kushuka, kamera nyingine ni fremu 29.97 kwa sekunde na ukiihesabu kama 30 basi ndani ya saa moja picha imeitangulia sauti kwa sekunde 3.6. Na ndicho walichofanya hawa! Logi yao (rekodi ya amri walizoendesha) inaonyesha wameweka -r 30 (hesabu fremu 30 kwa sekunde) kabla ya -i (faili linaloingia), yaani muda wote uliorekodiwa kwenye faili unatupwa. Nimeitoa nikaunganisha upya, sauti ikakaa mdomoni mpaka mwisho wa sherehe.

Jamaa kawaandikia kuomba sosi kodi wakamjibu ni siri ya kampuni. Siri ipi, wakati kazi yenyewe ipo wazi kwenye git (hifadhi ya kodi mtandaoni) dunia nzima inaisoma?

Kama mnapita humu, rudisheni leseni, wekeni sosi kodi ya hilo toleo mlilofunga, mtoe na hiyo -r 30. Na wewe uliyelipia usiogope, idai leo kwa maandishi, ni haki yako.