Nina simu na laptop, kishikwambi nikiuze au nibaki nacho?

Mpole wa Jioni: Wakuu habari zenu. Nina kishikwambi cha inchi 10 kimelala tu kwenye droo. Simu ninayo, laptop ninayo. Naambiwa vishikwambi vimepitwa na wakati. Nikiuze au nibaki nacho? Nimekwama kweli, matusi sihitaji.

Fundi Waya: Usikiuze. Ukurasa wa A4 kwenye simu unausoma kwa kuvutavuta kama unatafuta chawa. Kwenye inchi 10 unauona mzima. Mimi laptop naandikia, kishikwambi nakisimamisha pembeni kiwe skrini ya pili, waraka ninaounukuu unakaa pale.

Mke Mtarajiwa: Yangu ni iPad ya kwanza, ile ya 2010. Mfumo wake uliishia iOS 5, tovuti nyingi inagoma kuzifungua, ila PDF zilizomo nasoma mpaka usingizi unanipitia. Mchumba anaionea wivu.

Kamusi Hai: Mnapenda kulimbikiza. Vifaa vitatu vya nini? Tuliandika kwenye daftari na tukafaulu.

Fundi Waya: Mleta uzi, hujasema kina hali gani. Betri inatunza chaji?

Mpole wa Jioni: Inatunza. Kioo tu kimeinuka kidogo upande mmoja, ukibonyeza kinarudi.

Fundi Waya: Aisee! Hiyo betri imevimba. Lithiamu ikichoka hutengeneza gesi ndani. Usichaji, usibonyeze, usitoboe, na usikitupe kwenye taka za kawaida. Kipeleke kwa fundi abadilishe betri, kazi bado kina.

Mpole wa Jioni: Nachaji nikiwa macho, nikienda kulala nachomoa. Halafu kuna mtu keshanipa advansi, nimemwambia kiko safi. Ni mtu mzima, atakikagua mwenyewe.

Kamusi Hai: Unamuuzia mwenzio bomu? Mungu anakuona.

Mzee wa Kijiwe: Ngojeni kwanza. Mara kimelala kwenye droo, mara anakichaji akiwa macho. Na juzi kwenye uzi mwingine alikuwa anaulizia laptop ya kuanzia, hana hata moja. Wakuu, hii chai.

Mpole wa Jioni: Laptop ni ya shemeji. Nimeazima.

Mke Mtarajiwa: Na advansi?

Mpole wa Jioni: Hiyo imeshatumika.

Mzee wa Kijiwe: Weka picha ya hicho kioo tuamini.

Mpole wa Jioni: Kamera ya simu ilikufa zamani. Picha zote napigia kishikwambi.