Re: Vitabu vya Kiswahili: kipi cha kubeba kutoka Unguja, kipi cha kuagiza huku huku

Assalaam alaykum jamaa. Familia ya watu wanne inashuka Unguja Julai kwa wiki tatu, siku nne ni za Pemba. Wanataka kurudi na vitabu vya Kiswahili vya watu wazima na vya watoto wa miaka 6 na 9. Tiketi ni begi moja la kilo 23 kila mtu. Waende maduka gani, na vitabu vifungweje?
— Wa Leicester, Uingereza

---

Waalaykumu salaam. Kabla ya duka, hesabu ya kilo. Kitabu cha jalada laini, saizi ya A5, kurasa 200 za karatasi ya gramu 80, ni robo kilo na ushei. Arubaini ni kilo kumi na zaidi, yaani karibu nusu ya begi. Basi kilo hizo msizimalize kwa kitabu kinachopatikana Leicester.

Watu wengi hawajui kuwa riwaya nyingi za Wazanzibari hazikuchapishwa Zanzibar, zimetoka Dar au Nairobi. Mkuki na Nyota wa Dar, wanaochapisha Adam Shafi na tafsiri ya Kiswahili ya Abdulrazak Gurnah, vitabu vyao vingi husambazwa huko na African Books Collective ya Oxford, ambako nakala huchapwa kwa oda. Mpeni muuza vitabu wa mtaani kwenu ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, yeye ataagiza. Za Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, na nyingi za Kenya 978-9966. Kitabu cha zamani kina tarakimu kumi tu. Hapo mnaongeza 978 mbele, lakini ile tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na inabidi ikokotolewe upya. Ukiibakisha ile ile, kompyuta ya dukani itakwambia kitabu hakipo, na kipo.

Begi liwe la vile visivyovuka bahari: tenzi, vijitabu vya dini, historia za mitaa, juzuu, na vitabu vya skuli. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, kwa hiyo hakikisheni mnachonunua ni cha skuli za visiwani na si cha Bara, ikiwa hilo mnalijali. Tafuteni Darajani na mitaa ya nyuma ya soko. Maduka ya Shangani na Kenyatta Road ni zaidi ya mapicha makubwa ya watalii kwa Kiingereza, na bei zake ni za watalii. Msiende Ijumaa saa sita mchana, mtakuta milango imefungwa kwa sala.

Kwa watoto, chukueni vitabu vya darasa moja au mawili chini ya umri wao. Mtoto anayesomeshwa Kiingereza anaongea Kiswahili vizuri lakini akiona "ng'ombe" na "nguo" anasoma ng' na ng kwa sauti moja. Yule wa miaka 6 anzeni naye na kitabu cha silabi, ba be bi bo bu, hata kama ataona cha kitoto.
— Mji Mkongwe

---

Naongeza la ukaguzi dukani, maana kitabu kikishapanda ndege hakirudishwi. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Fungu moja likisahauliwa kiwandani, ukurasa wa 32 unafuatwa na wa 49. Pengine fungu linajirudia. Usiangalie mwanzo na mwisho tu, pitisha kidole gumba pembeni na usome namba zinavyokwenda. Kisha fungua katikati, usikie uti wa kitabu: gundi kavu hulia "ka!" na kurasa huanza kung'oka. Nakala ya wizi ina herufi za kijivu, maandishi yamekwenda upande, na mara nyingine imepigwa pini ubavuni.

Mwisho, nusa. Harufu ya ukungu haifichiki. Mzigo uliokaa stoo tangu masika, yaani Machi hadi Mei, ndio wenye shida zaidi. Julai ni kusi, hewa ina nafuu.
— Kikwajuni

---

Kufunga: vitabu vilale chali, vizito chini upande wa magurudumu, nguo zijaze pembeni visicheze. Ukivisimamisha, uti uelekee chini, kwani ukielekea juu kurasa huvuta na kujing'oa kwenye jalada. Mtu atawaambia mvifunge kwenye mifuko ya nailoni ya dukani. Mifuko ya plastiki ni marufuku Unguja na Pemba, na Bara tangu Juni 2019. Kanga mbili zinatosha.

Pemba: maduka ni ya vifaa vya skuli zaidi, hasa Chake Chake, kwa hiyo mzigo wa vitabu uacheni Unguja. Ndege ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15. Kwa boti mnashukia Mkoani, na begi liwekeni ndani, si kwenye sitaha ambako maji ya chumvi hurukia.

Posta ikibidi: Uingereza haitozi VAT kwa vitabu vilivyochapwa. Jamaa wa Umoja wa Ulaya, tangu 1 Julai 2021 kifurushi cha vitu vilivyonunuliwa nje kinatozwa VAT, hata cha thamani ndogo. Ujerumani ni asilimia 7 kwa vitabu, na msafirishaji anaweza kuongeza ada yake juu.
— Wete/Hamburg

---

Mkifika, msivipange rafuni moja kwa moja. Vyenye vitundu vya wadudu tieni kwenye mfuko uliozibwa, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Mkivitoa, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, la sivyo umande utagandia kwenye karatasi na mtakuwa mmejiletea ukungu. Baridi huua wadudu, ukungu haufi. Huo ukikauka, usugueni nje kwa brashi laini, barakoa usoni, wala si kwa kitambaa cha maji. Rafu ikae mbali na mashine ya kupashia joto, majalada hujikunja kama papadi.
— Wa Malmö

---

La mwisho kutoka kwangu: mswada wa hati ya Kiarabu wa babu usiingie kwenye hilo begi. Mambo ya kale yana sheria yake, ulizeni kwanza. Idara ya Nyaraka ya Zanzibar pale Kilimani wana mkusanyiko wa miswada ya Kiarabu ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2003, na wao ndio wa kuwaonyesha.
— Mji Mkongwe