Mrejesho: ile ampu ya besi ya mtumba nimeinunua

Asalaam alaykum jamani. Niliuliza kama nichukue ampu ya besi (kikuza sauti cha gitaa la besi) ya wati 50 niliyoiona soko la Darajani, Unguja, inayokwaruza kila ukigusa kitufe cha sauti. Wengi mlisema niiache. Sikuwasikia.

Aliyeniambia nisome kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka, Mungu akulipe. Imeandikwa 100V, ya Japani hiyo, na umeme wetu ni 230V. Ingetoa moshi palepale dukani! Hoja hiyohiyo nikaombea kupunguziwa bei, nikanunua transfoma ya kushushia umeme. Nzito kama jiwe la kusagia, lakini inafanya kazi.

Ule mkwaruzo ulikuwa uchafu tu. Fundi aliichomoa, akasubiri kwanza (kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, hubaki nao hata ukichomoa, kaniambia nisithubutu kufungua peke yangu), kisha akapuliza dawa ya kusafishia ndani ya vitufe na kuvizungusha huku na huku mara kadhaa. Kimya.

Spika ndiyo iliyonitia wasiwasi: karatasi yake imechanika kiasi cha ukucha. Fundi kabandika shashi kwa gundi nyeupe. Uzi mnene ukiupiga kwa nguvu bado unasikia mtetemo, kwa hiyo besi naipunguza kidogo.

Skrubu zimeshika kutu, si unajua hewa ya chumvi. Naifunika kanga kuukuu ya mama na sikuiweka sakafuni. Kwa mazoezi ya taarab chumbani yatosha. Arusini siipeleki, ngoma ya dumbaki peke yake itaimeza.