Vijana wapya dukani hawamalizi miezi miwili, tunakosea wapi?

msimamizi_wa_spea

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa aliyewahi kulipitia hili.

Nasimamia duka la spea za magari Gerezani, Dar es Salaam, jumla na rejareja. Tuko watu kumi na wawili: kaunta, stoo, keshia na dereva wa kupeleka mzigo. Mwaka huu nimeajiri vijana watatu wa kaunta na wote wameondoka. Wa kwanza alikaa wiki tano. Wa pili alipokea mshahara wa kwanza akaaga vizuri. Wa tatu ndiye aliyeniumiza. Alhamisi hakutokea, simu napiga haipokelewi, Jumamosi akatuma ujumbe: "Bosi samahani, kazi imenishinda." Kijana mwenyewe ana akili na adabu, nilishaanza kumtegemea.

Hatuwatesi. Siku ya kwanza namtembeza kijana duka zima, namtambulisha kwa kila mtu, namwonyesha rafu na mashine ya EFD ya kutolea risiti, namwambia asipojua kitu aulize. Baada ya hapo anaingia kaunta, maana ndiko kunakobana. Mshahara wetu si mdogo ukilinganisha na majirani, na unatoka tarehe 28 bila kuruka.

Wa nne anaanza Jumatatu. Huyu sitaki kumpoteza. Mnafanyaje huko kwenu?

mama_stoo

Pole kaka. Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye spea, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa mkuu wa stoo. Vijana niliowapokea ni wengi, na walioondoka mikononi mwangu pia ni wengi, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyekosea.

Kijana ukimwambia "usipojua uliza," haulizi. Mara nyingi hajui hata cha kuuliza, na akikijua anaona aibu mbele ya wateja.

Kulikuwa na kijana wangu mmoja, siku yake ya sita kazini. Nilimkuta nyuma ya rafu ya shokapu, amechuchumaa, kashika mbili, moja kila mkono, anazigeuza kusoma stika. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Huko kaunta fundi anapiga kelele kwamba anacheleweshwa. Kijana akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, hizi LH na RH maana yake nini?" Nikamwambia LH ni kushoto, RH ni kulia, na kushoto ni kwa dereva aliyekaa kwenye kiti, si kwako wewe unayelitazama gari kwa mbele. Akanyamaza. Akatazama mikono yake, wa kushoto, wa kulia. Halafu akasema, "Basi ile ya juzi ya Noah nilimpa siyo."

Siku sita zote alikuwa anabahatisha, na sisi tunapishana naye kwenye rafu hizo hizo, mimi nikiwemo. Jambo hilo lilinikaa rohoni.

Kazi yetu ina lugha yake. Fundi anatuma mtoto wa gereji, anakuja anasema "nipe shokapu za Noah." Sisi wazoefu maswali yanatutoka yenyewe: Noah ipi, SR40 au AZR60, maana kila toleo la gari lina namba yake na spea zake? Mbele au nyuma? Kama mbele, kushoto, kulia au zote mbili? Akija wa IST, tunauliza NCP60 au NCP61. Mgeni hana maswali hayo. Anachoona yeye ni kwamba wenzake wote wanajua na mjinga ni yeye peke yake. Mtu akae na hali hiyo kutwa nzima, mwezi mzima, kweli?

Nikabadilisha utaratibu. Mgeni wangu hagusi kaunta wiki mbili za kwanza. Namweka kwenye mali iliyorudi. Kila duka la spea lina kona ya vitu walivyorudisha wateja, na kwenu najua ipo. Anakaa pale na daftari, anachukua kimoja kimoja, anaandika: kilitolewa kwa gari gani, kimerudi kwa nini, na ni swali gani halikuulizwa kaunta. Boljointi imerudi kwa sababu gari ni AZR60 ikatolewa ya SR40. Bushi ya wishboni imerudi kwa sababu ilitakiwa kubwa ikatoka ndogo. Akimaliza wiki mbili, maswali yote anayo, kayachota kwenye makosa ya wenzake. Na ameona kwa macho yake kwamba hata mwenye miaka kumi hukosea, jina lake lipo pale kwenye risiti. Kuanzia hapo mdomo unafunguka.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hakuna anayeyasema. Ufunguo wa choo anao nani. Mchana mnakula wapi, na mama lishe anakopesha au hakopeshi. Mgeni akianza tarehe 3, ana siku ishirini na tano kabla hajaona shilingi. Kama anatoka Kivule, hayo ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku. Mimi humwombea kwa bosi sehemu ya mshahara mapema, hela ya nauli tu. Wa kwanza niliyemuuliza habari za nauli aliniambia anashukia Buguruni, anamalizia kwa miguu. Alikuwa na wiki mbili kazini na sisi tunamsema kwamba anafika amechoka.

niliondoka_siku_ya_tisa

Naandika kama mtu wa upande wa pili. Niliwahi kuacha kazi siku ya tisa, duka la vifaa vya umeme, sitalitaja.

Mshahara haukuwa tatizo. Mchana nilikuwa nakula peke yangu kwenye ngazi. Wenzangu walikuwa wanachanga, wanaletewa sinia moja wanakula pamoja. Hakuna aliyenikataza kuchanga, ila hakuna aliyeniambia naruhusiwa, nami nikaona haya kujipeleka. Siku ya nane niliuza sakiti breka siyo, ikarudi. Msimamizi akasema mbele ya wateja, "Hii itatoka kwako." Usiku nikapiga hesabu, nikaona nikikosea mara tatu nitakuwa nimefanya kazi mwezi mzima bure. Asubuhi yake nilifika, lakini nilikuwa nimeshaondoka moyoni. Jioni nikaenda moja kwa moja.

Msimamizi, kwenu kitu kikirudi analipa nani?

msimamizi_wa_spea

Nimekaa na swali lako tangu jana usiku.

Ndiyo, tunakata. Ni utaratibu nilioukuta na sikuwahi kuuhoji. Yule kijana wa tatu alimpa mteja wa Morogoro altaneta siyo. Ikafungwa, ikarudi haifai. Jumatano, siku moja kabla hajapotea, nilimwambia "tutaliangalia mwisho wa mwezi." Kwangu ilikuwa sentensi ya kawaida. Alhamisi hakuja, na mimi sikuunganisha hayo mawili mpaka niliposoma hapa.

Na leo baada ya kusoma ya mama, nimekwenda kupekua stoo mwenyewe. Nyuma ya maboksi ya filta nimekuta mfuko mweusi umefungwa fundo. Ndani mna shokapu moja na seti mbili za brekipedi, na risiti zake, zote za siku ambazo kijana huyo alikuwa kaunta. Wateja walirudisha, yeye akawabadilishia kimya kimya, akazificha. Hakuiba kitu, mali yote ipo. Alikuwa anaogopa kuniambia.

afisa_ajira

Niongeze upande wa sheria, kwa sababu hapa wengi wanakosea bila kujua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu kukata tu. Kufidia hasara lazima ionekane ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Umpe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. "Itatoka kwako" iliyosemwa kaunta haitimizi hata moja kati ya hayo. Na kijana uliyemweka kaunta siku ya pili bila mafunzo, hilo kosa ni la nani hasa? Mimi ningepata taabu kukutetea.

Kifungu cha 15 kinataka siku anayoanza umpe maelezo ya maandishi: kazi yake ni ipi, ya muda gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Ukurasa mmoja unatosha. Msomee kwa Kiswahili mkiwa mmekaa, asiweke saini akiwa amesimama mlangoni. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pia mwandikishe mapema, wengi huchukulia hilo kama dalili kwamba wanatakiwa kubaki.

msimamizi_wa_spea

Asanteni sana. Makato nimeshaongea na bosi, ameelewa, yanakoma kuanzia mwezi huu. Nimempigia na yule kijana kwa namba nyingine, nikamwambia mfuko nimeuona na hadaiwi kitu. Alinyamaza muda mrefu, akasema asante. Kurudi hakusema.

Mama, swali la mwisho. Huyu wa Jumatatu nimkabidhi kwa nani? Nina mzee wa kaunta mwenye miaka kumi na tano, anajua kila kitu kwa kichwa. Na nina binti wa stoo aliyeanza mwaka jana.

mama_stoo

Mpe binti, mwanangu. Mzee wako anajua sana, lakini ameshasahau kutojua kulikuwaje. Ukimuuliza kwa nini anatofautisha bushi kwa kuzishika tu, atakwambia "unaona tu." Binti bado anakumbuka kilichomsumbua mwaka jana, na atakianza hicho.

Ila mpunguzie kazi zake kwa wiki hizo mbili, usimwongezee mgeni juu ya mzigo ule ule, atamchukia bure. Na mzee mwambie mapema kwa heshima kwamba wiki ya tatu mgeni atahamia kwake, asije akajiona amerukwa.

Jumatatu binti amsubiri mgeni nje saa moja na nusu, kabla hamjafungua. Mchana waende kula pamoja, na hela ya chakula cha siku hiyo toa wewe. Ule mfuko mweusi nao usiutupe. Uweke kwenye kona ya mali iliyorudi, hivyo hivyo na risiti zake, awe wa kwanza kufunguliwa na huyo mgeni.

msimamizi_wa_spea

Nimeshaupeleka kwenye kona, mama. Na daftari jipya nimenunua.