Bega la mdogo wangu linachomoka, naye anataka kufanya kama Chiyonofuji. Naombeni ushauri

MtuwaAmani:
Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu ana miaka 22, anacheza judo hapa Unguja. Bega lake la kushoto limeshachomoka mara kadhaa, na mara ya mwisho alikuwa anavaa shati tu. Daktari ametaja upasuaji. Sasa bwana mdogo kaona video za zamani za mwanasumo wa Kijapani, Chiyonofuji. Kasikia kwamba jamaa naye bega lilikuwa halikai, akapiga pushapu 500 kwa siku mpaka misuli ikalishika, akachukua ubingwa mara 31. Tangu hapo hataki kusikia habari za hospitali, asubuhi na jioni yuko sakafuni anahesabu. Mama hana raha. Mimi nakosa la kumjibu, maana huyo mtu kweli alikuwepo na makombe kweli aliyabeba. Nimzuie au nimwache?

Kisiki:
Mwache bwana. Vijana wakikaa kijiweni mnalalamika, wakipiga tizi mnalalamika.

MzeewaNagoya:
Ngoja kwanza, Kisiki. Niko Japani miaka mingi na sumo ndiyo televisheni yangu. Habari ya pushapu ni ya kweli, ila huyo kijana kasimuliwa nusu.

Chiyonofuji, jina la nyumbani Akimoto Mitsugu, alikuwa mtoto wa mvuvi wa Fukushima, mji mdogo wa Hokkaido (siyo Fukushima ya kinu cha nyuklia). Aliingia kambi ya sumo, wanakoishi na kufundishwa wapiganaji, mwaka 1970 akiwa na miaka 15. Hata alipokuwa kileleni alikuwa na kilo kama 127, wakati Konishiki aliyepambana naye alipita 250. Lakini alikuwa na nguvu za ajabu, basi akazoea kuwabeba na kuwatupa watu waliomzidi mwili. Bega likawa linalipa deni hilo. Mwaka 1979 aliumia akashushwa daraja la pili, juryo.

Pushapu alipiga, vyuma alinyanyua. Lakini alibadili pia namna ya kupigana, na hapa ndipo penye uzito. Mkuu wa kambi yake, Kitanofuji, ambaye alikuwa yokozuna mstaafu (yokozuna ndicho cheo cha juu kabisa cha sumo), alimtaka apunguze kutupa watu: aingie chini kwa kasi, ashike mkanda wa mwenzake kwa mbele, amsukume hadi nje ya duara. Sigara nayo akaacha, kwa ushauri wa Takanohana, mpiganaji wa cheo cha ozeki, kilicho chini tu ya yokozuna, na mwili ukajaa. Januari 1981 akamshinda Kitanoumi katika pambano la kuamua bingwa, na kabla mwaka haujaisha yeye ni yokozuna wa 58.

Kwa hiyo muulize mdogo wako: kwenye judo amebadilisha nini? Kama bado anatupa watu kwa staili ileile, pushapu hata 1,000 ni kazi bure.

Kisiki:
Sawa mzee, lakini bega si lilipona?

MzeewaNagoya:
Lilitulia, halikupona. Machi 1989, siku ya 14 ya mashindano, alimshinda yokozuna mwenzake Onokuni, ubingwa akaupata, na bega likachomoka palepale. Siku ya 15, ya mwisho, hakupanda ulingoni. Huyo Onokuni ndiye aliyemkatia mfululizo wa ushindi 53 Novemba 1988. Sijui kwa nini wanaotengeneza hizo video kipande cha bega hawakiweki.

Fundi_Viungo:
Nafanya kazi ya fiziotherapia. Bega likiwa linatokea mbele, pushapu za kushuka sana huku mikono imetanuka zinausukuma mfupa kulekule linakotokea. Misuli inayolishika bega ni midogo, imejificha chini ya ile ya kujionyesha kwenye kioo. Hiyo tunaijenga kwa mpira wa kuvuta, taratibu. Ila linalotoka mtu akivaa shati limeshalegea sana, na mara nyingi mazoezi peke yake hayatoshi. Apigwe picha, daktari aone kama ukingo wa tundu la bega umechanika. Na likitoka ukumbini wenzake wasimvute kulirudisha, wanaweza kuumiza mishipa. Aende hospitali.

Bi_Shani:
Mwanangu, mie nitauliza jingine. Huyo Mjapani alikuwa na pa kwenda judo, yaani hiyo sumo, ilipomwisha?

MzeewaNagoya:
Alikuwa napo, bibi. Mei 1991, akikaribia miaka 36, siku ya kwanza ya mashindano aliangushwa na Takahanada, kijana wa miaka 18, mtoto wa yuleyule Takanohana aliyemwachisha sigara. Siku ya tatu akapigwa tena. Akatangaza kustaafu huku analia, kwamba nguvu zimefika mwisho. Yokozuna hashushwi cheo, akishindwa anaondoka. Mwaka uliofuata akakabidhiwa kambi yake ileile, Kokonoe, na humo akamlea Chiyotaikai hadi uozeki. Aliongoza kambi hiyo mpaka alipofariki 2016.

Bi_Shani:
Basi huyu wa kwetu asomeshwe ukocha kabla bega halijamwamulia.

MtuwaAmani:
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote. Ya Kitanofuji aliyapinga, ya 1989 akaenda kuitafuta video mwenyewe. Jumatatu tunakwenda kupiga picha, amekubali. Fundi, huo mpira wa kuvuta lazima ule wa dukani, au wa ndani wa baiskeli unafaa?

Fundi_Viungo:
Wa baiskeli unafaa kwa kuanzia. Ukate, uoshe, uufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Ila asiuguse kabla majibu hayajatoka, na pushapu azisimamishe leo.